KUBADILI PAMPU YA TANGI LA MAJI LINALOCHUKULIWA NA GARI

Maelezo kwa wakulima wa Kibaha na Kisarawe

1. Sababu ya maelezo haya

Mkulima wa Kibaha na Kisarawe aijua vema taabu ya miezi ya Januari na Februari. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado hayajaingia, na jua ni kali. Mche wa nyanya uliohamishwa juzi kutoka kitaluni hauwezi kungoja. Ukikosa maji siku mbili, kazi ya mwezi mzima imepotea.

Mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru, wapita katika nchi ya Kibaha, na mitambo ya Ruvu Juu iliyoko Mlandizi ilijengwa mwaka 1959 ili kupeleka maji Dar es Salaam. Lakini mabomba hayafiki kila shamba. Wako wengi wenye mashamba ya ndani, pande za Soga au Maneromango, ambao hupakia tangi katika pikapu, wakalijaza palipo na maji, kisha wakapiga kambi shambani siku mbili tatu. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kuogea na ya kunyweshea miche.

Tangi la namna hii huwa na pampu ndogo iendeshwayo kwa betri ya gari. Pampu ikianza kutoa maji kwa unyonge, wazo la kwanza la mwenye gari ni kununua iliyo kubwa zaidi. Huenda wazo hilo likawa jema. Lakini mara nyingi fedha hutoka na maji hubaki vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa katika pampu. Kwa hiyo twakushauri, mkulima, usome maelezo haya kabla hujaenda dukani.

2. Jambo la kujua kwanza

Pampu haizidishi maji. Huyapa mwendo tu. Tangi la lita 500 lina lita 500, iwe pampu ni kubwa au ni ndogo. Ukitia lita moja katika kila shimo la tikiti, litatosha mashimo 500. Pampu ya lita 11 kwa dakika italimaliza tangi hilo kwa muda wa dakika 45 hivi. Pampu ya lita 19 kwa dakika italimaliza kwa dakika 26. Umepata dakika 19. Hukupata hata lita moja.

Tena, ikiwa mtu ashikaye mpira hawezi kwenda kutoka shimo hata shimo kwa upesi ule, maji yatamwagika katikati ya mistari na kunyweshea magugu. Basi jiulize: je, ninachokosa ni mwendo wa maji, au ni maji yenyewe? Ukikosa maji yenyewe, fedha ya pampu mpya ingefaa zaidi kununulia tangi la pili la kuwekwa chini shambani, au kutandaza majani makavu kuzunguka miche ili udongo usikauke upesi.

3. Pima kabla hujanunua

Twaa ndoo ya lita 20 na saa. Fanya majaribio matatu, ukiandika hesabu ya kila moja.

(a) Jaribio la kwanza. Ondoa mpira mrefu. Funga kipande kifupi cha mpira penye mdomo wa kutolea maji wa pampu, kisha jaza ndoo huku injini imezimwa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, pampu yatoa lita 10 kwa dakika.

(b) Jaribio la pili. Rudisha mpira wako mrefu pamoja na kinyunyizio chake, ujaze ndoo tena penye ncha ya mwisho.

(c) Jaribio la tatu. Rudia lile la kwanza, lakini sasa injini ya gari iwe inanguruma.

Sasa linganisha. Ikiwa jaribio la kwanza ni jema na la pili ni baya, pampu haina kosa. Mpira ni mwembamba mno au kinyunyizio kimeziba. Ikiwa jaribio la tatu lapita lile la kwanza kwa mbali, umeme haufiki pampuni kwa ukamilifu. Kosa ni la betri au la nyaya. Na ikiwa majaribio yote matatu ni mabaya, tazama upande wa kuvutia maji, yaani kutoka tangini hadi pampuni. Na upande huo ukiwa mzima, ndipo useme kwamba pampu imechoka.

4. Makosa yaonekanayo mara kwa mara

Chujio limeziba. Maji ya mto na ya malambo huwa na matope, na kutu na majani hujikusanya katika chujio lililo mbele ya pampu. Lifungue, ulioshe kwa brashi, ulirudishe. Kazi hii ni ya dakika tano, nayo huponya pampu nyingi zilizohukumiwa kufa.

Hewa yaingia. Penye kiungo kilicholegea upande wa kuvutia, huenda usione tone la maji likitoka. Ni hewa inayoingia. Pampu hupiga kelele, maji hutoka kwa kukatikakatika. Kaza vibanio, na badili mpira uliopasuka.

Tangi halipumui. Kila lita itokayo yataka lita moja ya hewa iingie mahali pake. Kifuniko kikikazwa sana, wala pasiwe na tundu la hewa, pampu huvuta kwa taabu, na tangi la plastiki huanza kubonyea ubavuni. Legeza kifuniko huku pampu inafanya kazi. Maji yakiongezeka, umepata jibu. Toboa tundu dogo na ulifunike kwa wavu mwembamba, mbu wasiingie.

Pampu yawaka na kuzima upesi upesi. Pampu nyingi za magari zina swichi ya msukumo: koki ikifungwa, msukumo hupanda, na swichi huzima pampu. Ikiwa koki i wazi na pampu bado yajiwasha na kujizima, maana yake njia ya kutokea ni nyembamba kuliko maji yanayoletwa. Ukifunga pampu kubwa zaidi hapo, ugonjwa utazidi. Panua njia kwanza.

5. Je, kazi hii yataka pampu?

Swali hili lafaa kuulizwa, maana jibu lake huweza kuokoa fedha zote. Tangi lililo juu ya gari limekwisha kuinuliwa karibu mita moja kutoka chini, na maji hushuka yenyewe. Koki pana ya inchi moja, ikifungwa chini ya tangi na kuwa na kina cha nusu mita cha maji juu yake, hujaza ndoo upesi kuliko pampu ndogo ya betri. Basi mwenye kunyweshea kwa ndoo na keni, au kwa mfereji mfupi ulio chini ya gari, hahitaji pampu; ahitaji koki kubwa.

Pampu yahitajiwa kwa mambo matatu: kupandisha maji mahali palipo juu kuliko gari, kama vile shamba la mtelemko katika vilima vya Kisarawe, kupeleka maji mbali kwa mpira mrefu, na kunyunyiza au kuoga kwa maji yenye msukumo. Kimo cha mita 10 ni mzigo mkubwa kwa pampu yoyote ndogo. Pima kimo cha shamba lako juu ya gari kabla ya kuchagua.

6. Kuchagua pampu mpya

Zipo namna mbili zipatikanazo kwa wingi. Ya kwanza ni pampu ya utando, ambayo ndani yake utando wa mpira hupanda na kushuka. Hii hutoa maji ya wastani yenye msukumo mwema, huweza kuvuta maji yenyewe kutoka chini kwa kimo kidogo, na haiharibiki upesi ikikaukiwa. Ya pili ni pampu ya panga, ambayo gurudumu lake huzunguka na kuyatupa maji. Hii hutoa maji mengi, lakini nyingi za namna hii zilizo ndogo hazina msukumo mkubwa, nazo huharibika zikizungushwa bila maji. Kwa tangi la gari litumikalo kwa kambi na kwa bustani, pampu ya utando ndiyo ifaayo zaidi.

Soma kibandiko cha pampu kwa uangalifu. Hesabu ya lita kwa dakika iliyoandikwa ni ya pampu isiyopandisha maji wala kuyasukuma katika mpira mrefu. Kazini utapata pungufu, na kadiri kimo kinavyozidi ndivyo maji yanavyopungua. Tazama pia hesabu ya ampea, kwa kuwa pampu kubwa hunywa umeme mwingi zaidi. Mathalan, pampu ya lita 11 huweza kutumia ampea 7, na ya lita 19 huweza kutumia ampea 15. Hiyo ndiyo sababu pampu kubwa haifai kufungwa kwa nyaya za ile ndogo.

7. Nyaya na fyuzi

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo moto huanzia. Fikiri gari ambalo betri yake i mbele na pampu i nyuma, mwendo wa mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 10. Ikiwa waya wa shaba una unene wa milimita za mraba 1.5, na pampu yatumia ampea 15, waya utameza volti 1.75 hivi. Betri ya volti 12 itafikisha volti 10 na kidogo tu, na pampu itazunguka kwa unyonge kana kwamba ni ile ya zamani. Waya wenyewe utapata moto. Tumia waya wa milimita za mraba 6, na upotevu huo utashuka chini ya nusu volti.

Basi shika kanuni hizi:

(a) Fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na pampu. Waya ukichubuka chini ya gari, fyuzi iliyo mwisho wa njia haiwezi kuukinga. Kwa pampu ya ampea 15, fyuzi ya ampea 20 yatosha. Usiweke kamwe kipande cha waya mahali pa fyuzi.

(b) Waya wa kurudi ufungwe kwa nguvu penye chuma safi, kilichokwanguliwa rangi na kutu, au urudishwe hadi betrini.

(c) Nyaya zipitishwe ndani ya mpira wa kuzikinga, mbali na bomba la moshi na mbali na ncha za bati.

(d) Swichi iwe na uwezo wa kuchukua ampea zote za pampu.

Betri ya kuwashia gari haikuumbwa kwa kumalizwa na kujazwa kila siku. Ikifanyiwa hivyo hufa mapema. Kumaliza tangi moja la lita 500 kwa pampu ya ampea 15 hutumia ampea-saa 7 hivi, na hilo betri nzima ya gari huliweza. Matangi matatu, taa ya kambi na kuchaji simu za watu wote ni jambo jingine. Washa injini unyweshapo kwa muda mrefu, hali gari likiwa mahali pa wazi, au weka betri ya pili kwa kazi ya pampu na taa peke yake. Gari lisilowaka katikati ya pori ni hasara kubwa kuliko miche iliyonyauka, hasa ikiwa kambini yumo mtoto au mgonjwa.

8. Mabomba na kuifunga pampu

Bomba la robo tatu ya inchi si kubwa kidogo tu kuliko la nusu inchi. Nafasi yake ya ndani ni zaidi ya mara mbili. Kwa maji yale yale, nguvu inayopotea kwa msuguano katika bomba la robo tatu ni kama sehemu moja ya saba ya ile ya nusu inchi. Kwa hiyo, ukinunua pampu kubwa, nunua na mpira mpana, hasa kwa upande wa kuvutia. Mpira wa kuvutia uwe mgumu, usiobonyea, tena mfupi.

Funga pampu chini ya kimo cha sakafu ya tangi, ili maji yaijie yenyewe. Itangulie koki ya kufungia, kisha chujio, kisha pampu. Chini ya pampu weka kipande cha mpira ili mtikisiko usilegeze misumari, na uikinge na jua na matope ya barabara. Zungushia utepe mweupe wa kuzibia katika nyuzi za viungo, wala usivikaze kupita kiasi, maana midomo ya pampu ni ya plastiki nayo hupasuka. Ukimaliza, washa, kisha pitisha karatasi kavu kila penye kiungo. Karatasi ikilowa, tengeneza siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

9. Uzito wa maji

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, mbali na tangi lenyewe, watu, jembe na chakula. Pikapu nyingi zimewekewa mzigo wa tani moja au chini yake. Tazama maandishi ya gari lako. Kwa wengi, lita 500 ndizo kiasi cha salama.

Maji hayatulii kama gunia la mahindi. Tangi lililojaa nusu ni la hatari zaidi penye kona, kwa kuwa maji hukimbilia upande mmoja na kulivuta gari. Liweke karibu na chumba cha dereva, lifunge kwa mikanda imara pande zote, na lijaze kabisa au ulimalize kabisa kabla ya safari. Ukishuka vilima vya Pugu kutoka Kisarawe, tumia gia ndogo, usitegemee breki peke yake. Ukiwa katika Barabara ya Morogoro kati ya malori, acha nafasi kubwa mbele yako kuliko desturi.

10. Usafi wa maji

Tangi la maji ya kunywa lisitiwe kamwe dawa ya wadudu wala mbolea, hata mara moja, hata likioshwa. Plastiki, mpira na utando wa pampu hubaki na sumu. Dawa ichanganywe katika bomba lake la kupulizia, na maji yamiminwe kutoka juu, mpira usiguse dawa. Pampu ikizimwa huku mpira umezama, dawa huweza kurudi tangini. Funga pia vali ya kuzuia maji yasirudi.

Baada ya kufunga pampu mpya, na baadaye kila mwanzo wa kiangazi, safisha njia yote. Jaza tangi la lita 500 maji safi, tia nusu lita ya dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato, washa pampu hadi harufu ya klorini isikike penye ncha ya mpira, kisha acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote mbali na miche, suuza mara mbili, ndipo ujaze maji ya kutumia. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Maji ya mto au lambo, hata yakionekana meupe, yachemshwe kabla ya kunywewa.

11. Mahali pa kuchota

Usiunganishe pampu moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji. Pampu huvuta kwa nguvu, na penye ufa wowote ardhini uchafu huingia katika bomba linywewalo na jirani zako wote. Jaza tangi kwa koki, kwa mwendo wa maji yenyewe.

Ukichota mtoni au lamboni, kumbuka kwamba pampu ya betri haikufanywa kwa kazi ya kuvuta kutoka mbali. Hakuna pampu iliyo juu iwezayo kuvuta maji kutoka kina kipitacho mita 10, na zile ndogo za betri hazipiti mita mbili au tatu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali kwa mwenye kuchukua maji ya mto kwa ajili ya umwagiliaji. Kwa Ruvu, maombi hupelekwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli ziwezazo kuharibu mazingira ya mto. Usioshe tangi wala kumwaga mafuta hapo. Tena Ruvu ina mamba; mtoto asitumwe kushika mpira majini.

12. Maneno ya kukumbuka

Pampu haizidishi maji, huyapa mwendo.

Pima kwa ndoo na saa, mara tatu, kabla ya kununua.

Osha chujio, kaza viungo, fungua tundu la hewa.

Kwa ndoo na keni, koki pana yashinda pampu.

Pampu kubwa yataka waya mnene, mpira mpana, na fyuzi karibu na betri.

Lita 1,000 ni tani moja.

Tangi la kunywa lisijue dawa.

Mkulima akiona shaka juu ya nyaya, na amwite fundi wa umeme wa magari. Akiona shaka juu ya kiasi cha maji kifaacho zao lake, na amwendee afisa ugani wa kata yake. Tena aende na hesabu za ile ndoo zilizoandikwa, maana mwenye hesabu mkononi husaidiwa upesi.